Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo wa Kaunti ya Kisumu: pointi nane tulizoziacha nyumbani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia michezo,
Serikali ya Kaunti ya Kisumu.

KUH: KUUTAYARISHA UWANJA WA MAMBOLEO KWA MECHI ZA KUFUZU

Mheshimiwa,

Tangu Cape Verde iizabe Kameruni 1-0 mjini Praia tarehe 9 Septemba 2025, kisha ikailaza Eswatini 3-0 tarehe 13 Oktoba na kukata tiketi ya Kombe la Dunia la 2026, mjadala haujatulia hapa mjini. Kondele, Nyalenda, Soko la Jubilee, kila mtu ana sababu yake ya ushindi ule. Nchi ya watu wapatao 525,000 imemaliza mbele ya Kameruni, iliyokwenda Kombe la Dunia mara nane. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,155,574 katika Kaunti ya Kisumu peke yake. Ndiyo maana swali linauma: kama wao wameweza, sisi tumekwama wapi?

Majibu yanayosikika zaidi ni mawili. Kuna wanaosema ni bahati, na kuna wanaosema ile ni timu ya Ulaya iliyovaa jezi ya Afrika, kwa kuwa Dailon Livramento aliyeifunga Kameruni alizaliwa Rotterdam na beki Roberto Lopes ni mzaliwa wa Dublin. La bahati tunaliacha hapo hapo. Hakuna anayebahatika mechi kumi mfululizo. La Ulaya lina ukweli ndani yake, tutaligusa mbele. Lakini sisi tunaoandika barua hii, yaani makocha wa timu za mitaa, watunza nyasi na mashabiki wenye tabia ya kusoma jedwali kabla ya kubishana, tunaona jibu limelala kwenye safu ambayo wengi huiruka, safu ya matokeo ya nyumbani.

Cape Verde ilicheza mechi tano za Kundi D pale Praia. Sare tasa na Angola, 1-0 dhidi ya Libya, 1-0 dhidi ya Mauritius, 1-0 dhidi ya Kameruni, 3-0 dhidi ya Eswatini. Hizo ni pointi 13 kati ya 15, mabao sita ya kufunga na hakuna hata moja la kufungwa. Mabao yote manane waliyofungwa katika kampeni nzima yaliingia ugenini: manne Kameruni Juni 2024 walipochapwa 4-1, moja Angola, matatu Libya katika ile sare ya 3-3. Ugenini walikuwa timu inayofungika kama timu nyingine yoyote.

Sasa tuweke Harambee Stars, timu yetu ya taifa, pembeni yake. Katika Kundi F tulimaliza na pointi 12, na tano tu zilitoka kwenye mechi zilizoitwa za nyumbani. Tunasema zilizoitwa kwa sababu mbili za kwanza, 1-1 na Burundi na sare tasa na Ivory Coast mnamo Juni 2024, zilichezewa Lilongwe, Malawi. Hakuna uwanja wetu uliokuwa umeidhinishwa. Machi 2025 Gabon wakatufunga 2-1 Nyayo, tarehe 5 Septemba Gambia wakatufunga 3-1 Kasarani, vyote viwili viwanja vya Nairobi, na ushindi pekee ukawa ule wa 5-0 dhidi ya Ushelisheli. Ugenini tulivuna pointi saba, Cape Verde kumi. Ukitoa 12 zetu kwenye 23 zao unabaki na pengo la pointi 11, na nane kati ya hizo zimepotelea nyumbani.

Ukweli mwingine usifichwe. Kundi letu lilikuwa gumu: Ivory Coast walimaliza na 26 na Gabon 25, kwa hiyo pointi 23 za Cape Verde zingewapa nafasi ya tatu tu huku kwetu. Wala uwanja wa nyumbani hauna uchawi. Agosti 2025, kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, vijana wetu walicheza mechi tano Kasarani, wakafunga bao moja katika kila mechi na kufungwa mawili kwa jumla. Waliishinda Moroko 1-0 wakiwa watu kumi, na Moroko hiyo hiyo ikabeba kombe bila kupoteza mechi nyingine. Madagascar wakatutoa robo fainali kwa penalti 4-3. Wiki mbili baadaye, kwenye nyasi zile zile, Gambia wakatupiga tatu. Anayedai kelele za mashabiki zinatosha ajibu hilo kwanza.

Hata hivyo, ushindi mkubwa wa timu ndogo mara nyingi huwa wa bao moja na huwa wa nyumbani. Cape Verde na Kameruni, 1-0. Kenya na Moroko, 1-0. Kenya na Ghana, 8 Septemba 2018, 1-0 Kasarani kwa bao la kujifunga, tukiwa watu kumi kuanzia dakika ya 62. Ushindi huo ulitusaidia kurudi AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, baada ya kukosa tangu 2004. Mechi ya namna hiyo ukiihamishia Lilongwe au Kampala, tulikowakaribishia Zimbabwe na Kameruni mwaka 2024 katika mechi za kufuzu AFCON, umempa mgeni nusu ya alichokuja kukitafuta.

Kwa nini basi tunakuandikia wewe na si wakubwa wa Nairobi? Kwa sababu Nairobi viwanja viwili vikifungwa kwa wakati mmoja, kama ilivyotokea, timu huvuka mpaka. Kenya inahitaji uwanja wa tatu wenye kibali, nje ya Nairobi, unaokaa tayari mwaka mzima. Mamboleo una nafasi nzuri kuliko mingi. Ulipokea sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2021, unatajwa kuwa na nafasi ya watu 30,000, na uwanja wa ndege wa kimataifa uko mji huu huu. Magharibi pia si wageni wa kazi hii, maana baadhi ya mechi za kipute cha CECAFA cha 2017, cha nchi za Afrika Mashariki na Kati, zilichezewa Bukhungu, Kakamega, na Moi, Kisumu, kabla ya fainali ya Machakos.

Kuna hoja moja inayorudi kila tunapolitaja hili, nayo ina wafuasi wengi kuliko inavyostahili: kwamba kiwanja kibovu ni rafiki wa mnyonge. Eti waache Wakameruni waje wateleze kwenye matope, pasi zao zitakufa. Hoja hiyo inasahau jinsi mnyonge anavyoshinda. Anakaa nyuma, ananyang'anya mpira, kisha anatoka kwa pasi mbili au tatu za haraka kabla mwenye nguvu hajajipanga. Kwenye nyasi zenye mabonde, mguso wa kwanza unadunda hadi gotini, kiungo anahitaji miguso miwili zaidi kuutuliza, na kufikia hapo beki wa mgeni amerudi. Anayeumia ni yule mwenye nafasi tatu tu katika dakika 90. Mwenye nafasi kumi na tano atapata nyingine. Na katika mechi ya 1-0, mpira mmoja kudunda vibaya mbele ya kipa ndiyo mechi yenyewe. Tena mjadala hauna maana, maana wakaguzi wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, hawatoi kibali kwa matope.

Tuje kwenye kiwanja sasa, sehemu ambayo pesa nyingi hupotea kwa kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Kiwanja cha mita 105 kwa 68 kina mita za mraba 7,140, ukiacha ukingo. Kisumu mvua nzito huja alasiri, ikishuka kutoka upande wa milima ya Nandi. Ikinyesha milimita 30, lita 214,200 zimetua juu ya nyasi hizo. Swali ni zinakwenda wapi. Sehemu kubwa ya tambarare ya Kano ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukilowa huvimba na kujifunga, ukikauka hupasuka nyufa. Ukiwa chini ya kiwanja au umechanganyika na mchanga wake, mbegu ghali za nyasi hazitausaidia.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mshauri wala zabuni. Chukua kopo la bati la rangi lenye upana wa sentimita 15 au 20, toa kitako, lipigilie sentimita 5 ardhini. Lijaze maji, uyaache yanywe yote, maana udongo mkavu hudanganya mara ya kwanza. Kisha weka maji ya kina cha sentimita 10, simamisha rula ndani yake, tazama saa. Yakipungua kwa kiasi kisichofika sentimita 2.5 kwa saa nzima, mvua ya alasiri itasimama uwanjani na refa ataahirisha mechi. Fanya hivyo mahali tisa au zaidi: midomo ya magoli yote mawili, sehemu za penalti, duara la katikati, na mistari ya pembeni wanapokimbia mabeki na waamuzi wasaidizi. Matokeo hayatafanana, na tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha pa kuanzia.

Mahali palipofeli, chimba shimo la sentimita 40. Ukikuta sentimita 10 za juu zimelowa na kuwa ngumu huku chini pakiwa pakavu, udongo umegandamizwa. Maji hayafiki chini. Ukikuta maji yanalijaza shimo kutoka chini, mabomba ya kutoa maji yameziba au hayapo. Magonjwa haya mawili kwa juu yanafanana kabisa, dimbwi ni dimbwi, lakini dawa zake ni tofauti na bei zake ni mbali kabisa. Kufukua kiwanja kizima kwa tatizo la sentimita 10 za juu ni kutupa pesa za walipa kodi.

Ugonjwa wa kugandamizwa hutibiwa kwa kutoboa na kumwaga mchanga. Mashine yenye meno matupu kama bomba huingia sentimita 10, ikitoa vipande vya udongo kila baada ya sentimita 10 hivi. Vipande vinafagiliwa nje na mchanga unasukumwa kwa ufagio ndani ya matundu. Kazi ifanywe udongo ukiwa na unyevu wa wastani. Ukiwa mkavu meno hayaingii, ukiwa tope yanapaka kuta za tundu na kulifunga upya. Mchanga wa milimita 5 juu ya kiwanja chote ni mita za ujazo 36 hivi, yaani safari nane za lori la tani 7. Usizidishe hapo kwa mara moja, nyasi zitakosa pumzi. Mara mbili kwa mwaka zinatosha kuanzia.

Mchanga wenyewe ndio mtego. Wauzaji huleta mchanga wa ujenzi wa mtoni, na mwingi una tope. Kabla lori halijamwaga, chukua chupa ya plastiki iliyo wazi kuonekana ndani, tia mchanga hadi theluthi, ongeza maji hadi karibu na shingo, tikisa kwa nguvu, iache itulie hadi kesho yake. Mchanga hukaa chini ndani ya dakika moja, tope hufuata polepole na kulala juu yake kama mstari wa rangi nyingine. Mstari huo ukizidi sehemu moja ya ishirini ya unene wote, lori lirudi lilikotoka. Mchanga wa tope juu ya mfinyanzi hugeuka plasta, na kiwanja kilichokuwa kibaya huwa kibaya zaidi kwa gharama ya kaunti.

Kama tatizo ni mabomba, kazi ni kubwa na isianze kwa papara. Mitaro ya kukata upana wa kiwanja kila baada ya mita 6 ni mitaro 18, karibu mita 1,224 za mabomba yenye matundu ya kipenyo cha milimita 100. Kina kiwe sentimita 50 hadi 60, mteremko usipungue mita 1 kwa kila mita 200, kokoto zizunguke bomba, na mchanga safi ujae hadi juu. Mafundi wengi hapo mwisho hurudisha udongo uliochimbwa ili kuokoa pesa. Mfinyanzi huo hufunga mlango wa mtaro kabisa, kokoto na bomba chini yake zikabaki mapambo. Kosa la pili huwa nje ya uwanja: bomba kuu likimwaga mahali palipo chini kuliko mfereji wa barabara, siku ya mvua kubwa maji hurudi yalikotoka. Mhandisi apime mdomo huo kabla ya kitu kingine chochote.

Nyasi ziwe Bermuda. Nyasi aina ya Kikuyu hupenda baridi ya Nakuru na Eldoret. Kisumu, karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na joto lake, Bermuda ndiyo iliyo kwao, mradi jua lizifikie. Zikatwe ziwe na urefu wa milimita 25 hadi 30, mara mbili au tatu kwa wiki wakati wa mvua, na usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mkato mmoja. Mashine iwe ya visu vya kuzunguka vinavyokata kama mkasi. Ile ya kubeba begani inayotumiwa kufyeka kando ya barabara huchana ncha za majani, na siku mbili baadaye kiwanja chote kimegeuka rangi ya majani ya chai yaliyokauka. Mbolea: gramu 5 za naitrojeni kwa mita ya mraba ni kilo 137 hivi za CAN, pungufu kidogo ya mifuko mitatu ya kilo 50. Itiwe wiki tatu kabla ya mechi, imwagiliwe maji siku hiyo hiyo isije ikaunguza. Kiangazi kiwanja kinataka karibu milimita 5 kwa siku, yaani lita 35,700, ambazo ni safari nne za lori la maji la lita 10,000. Kila siku. Bila kisima na pampu, hesabu hiyo inakufa kabla mwezi haujaisha. Maji yamwagwe alfajiri. Ya jioni hulaza unyevu kwenye majani usiku kucha na kuleta kuvu.

Na hapa, Mheshimiwa, turuhusu tuseme bila kuzunguka. Adui mkubwa wa nyasi katika kaunti zote za magharibi hajawahi kuwa mvua. Ni jukwaa. Mkutano wa siasa, krusedi ya siku tatu, tamasha, maonyesho: lori linaingia kushusha vyuma, mahema yanapigiliwa, watu elfu kadhaa wanasimama mahali pamoja saa sita, na kazi ya mwaka imegandamizwa kwa alasiri moja. Hatuombi shughuli hizo zipigwe marufuku mjini. Tunaomba zipewe mahali pake, na penye ulazima wa kutumia uwanja, sheria iwe fupi na isiyo na msamaha kwa mtu yeyote: hakuna gari juu ya nyasi, hakuna shughuli yoyote ndani ya siku 21 kabla ya mechi ya kimataifa, hakuna kuingia udongo ukiwa umelowa, na mbao za kufunika nyasi ziondolewe ndani ya saa 48. Anayeomba uwanja aweke dhamana ya kulipia matengenezo. Sheria hii itapingwa na watu wenye sauti kubwa kuliko yetu, na ndiyo maana tunaiandika hadharani.

Milango ni sura nyingine ambayo CHAN ilitufundisha kwa aibu. Baada ya watu kuvamia bila tiketi, CAF ilipunguza idadi ya mashabiki Kasarani hadi 27,000 kuanzia mechi ya Moroko. Mwongozo wa usalama wa viwanja wa Uingereza unakadiria kwamba mlango mmoja wa kuzunguka hupitisha watu wasiozidi 660 kwa saa. Tuchukulie mashabiki 20,000 Mamboleo, nusu yao wakifika saa ya mwisho kama ilivyo desturi yetu. Hiyo ni milango 16 ikiwa kila kitu kinakwenda sawa. Ongeza upekuzi wa mifuko, simu iliyozima chaji yenye tiketi ndani, na mtu anayebishana na polisi. Jiandae na 30. Kutoka kuna hesabu yake: mwongozo huo unaruhusu watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana kwenye njia tambarare, na 66 kwenye ngazi. Kuwatoa 20,000 kwa dakika nane kunataka karibu mita 31 za milango iliyo wazi kwenye tambarare, au mita 38 kama njia yote ni ngazi. Iliyo wazi maana yake mlinzi amesimama hapo na ufunguo mkononi tangu dakika ya kwanza. Kufuli likitafutwa dakika ya 89, watu wamekwisha kubanana.

Ambulensi nayo. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile wenyeji wanayoiita Russia, iko kwenye barabara ya Kakamega, ile ile ya kwenda Mamboleo, karibu na Kondele. Timu ikishinda, Kondele hujaa watu na bodaboda ndani ya dakika kumi. Mpango wa mechi uonyeshe njia ya pili kwenye ramani, na dereva aipite siku moja kabla.

Taa zinaonekana anasa mpaka ukumbuke mvua ya alasiri. Mechi ya saa kumi imewekwa katikati ya saa ambazo mawingu hufunguka. Mechi ya saa moja usiku mara nyingi huiepuka. Zikiwekwa, ziwe za LED. Taa za zamani za gesi, stima ikipotea hata sekunde moja, hukaa dakika kumi au zaidi kabla ya kuwaka tena, hata kama jenereta imeshika papo hapo. Vyumba vya kubadilishia nguo, chumba cha waamuzi, cha kupimia dawa zilizopigwa marufuku na cha huduma ya kwanza ni kazi ya fundi bomba na mpaka rangi zaidi kuliko mhandisi, hatutapotezea wino.

Tuliahidi kurudi kwenye hoja ya Ulaya. Sheria za FIFA zinaruhusu mchezaji kuchezea nchi ya mzazi au ya babu na nyanya, na tangu 2020 anaweza kubadilisha nchi hata akiwa ameichezea timu ya wakubwa, mradi mechi hizo hazikuzidi tatu, alikuwa hajafika miaka 21, miaka mitatu imepita, na hakucheza fainali za Kombe la Dunia wala za bara. Cape Verde imeitumia sheria hiyo kwa bidii. Shirikisho letu lifanye hivyo hivyo, hiyo ni kazi ya shirikisho. Vivyo hivyo zawadi: wachezaji wa CHAN waliahidiwa na Rais shilingi milioni moja kila mmoja kwa kila ushindi, na walistahili. Lakini ahadi kama hiyo hutolewa kwa siku moja, nyasi hazitolewi hivyo.

Tunajua pesa za kaunti zina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa kifedha huanza 1 Julai. Kitu kisichokuwa kwenye mpango wa Septemba hubaki kuombewa kwenye bajeti ya nyongeza. Ombi letu la kwanza, basi, ni mstari mmoja unaojitegemea: matengenezo ya kiwanja cha Mamboleo, chini ya matumizi ya kawaida. Fungu la maendeleo hujenga jukwaa na kukata utepe; dizeli ya mashine, mifuko ya CAN na mshahara wa watunza nyasi wanne wa kudumu hutoka kwenye fungu la kawaida. Yakichanganywa, jukwaa hula vyote.

Pili, usisubiri Harambee Stars. Harambee Starlets walifuzu Kombe la Afrika la wanawake la 2026 kwa kuitoa Gambia, 3-1 Nyayo na 1-0 ugenini Oktoba 2025, mara yao ya kwanza tangu 2016. Timu ya wasichana wa chini ya miaka 17 ilikwenda Kombe la Dunia 2024 na kuishinda Mexico 2-1. Shule za magharibi kama Butere na Wiyeta zimelisha timu hizo miaka mingi, na wazazi wa wasichana hao wako saa chache tu kutoka hapa kwa matatu. Liombe shirikisho lilete mechi ya Starlets au ya vijana Mamboleo, ya kirafiki hata ikiwa, na watu wa CAF wawe na kitu cha kukagua chenye watu ndani yake. Kasoro za milango na maji zitaonekana siku hiyo zikiwa bado na bei nafuu.

Tatu, kipimo cha kopo. Tunaomba kifanyike kabla ya mvua za Machi na kirudiwe Mei, matokeo ya kila sehemu yabandikwe langoni yakiwa na tarehe. Tuko tayari kuja na makopo, rula, chupa na jembe letu. Jumanne au Jumatano asubuhi ingefaa zaidi, nyasi zikiwa zimepumzika baada ya mechi za wikendi. Kinachohitajika kutoka ofisini kwako ni barua ya ruhusa kwa msimamizi wa uwanja, na mtu mmoja wa idara ya ujenzi wa kuandika vipimo pamoja nasi.

Wako katika soka,
Makocha, watunza nyasi na mashabiki wa Kisumu.

Nakala: Karani wa Bunge la Kaunti ya Kisumu; Shirikisho la Soka Nchini Kenya.